Unga Mweupe Kwenye Mikungu ya Shangani

Mzee Hemedi alikuwa na kifua cha salfa. Si maneno yangu, ni yake. Akikohoa asubuhi alitema kitu cha njano, akakitazama kwa makini, halafu akasema, "Hii ya mwaka tisini na nane. Msimu ule ulikuwa mzuri."

Kwa asiyezaliwa huku Mtwara, nieleze kidogo. Mkorosho ukianza kuchanua hushikwa na ugonjwa tunaouita ubwiri. Maua yanavaa unga mweupe kama yametumbukia kwenye pipa la unga wa muhogo, yanakauka, na mwaka huo hakuna korosho, hakuna bati jipya, na harusi zote zinasogezwa mbele kwa kisingizio cha msiba. Dawa yake ni salfa, vumbi la njano linalopulizwa kwa mashine ya kubeba mgongoni, alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili vumbi linate. Mzee Hemedi aliifanya kazi hiyo tangu ndevu zilipomwota mpaka zilipogeuka nyeupe. Vijiji vyote vya upande wa Kilambo vilimjua. Hata wa ng'ambo ya Ruvuma walikuwa wakimvusha kwa mtumbwi, yeye amekaa nyuma, mashine imekaa mbele imefunikwa khanga kama bibi harusi. Barakoa hakuvaa. Alisema barakoa ni ya watu wenye wasiwasi.

Uzeeni alihamia mjini, kwetu Shangani, kwa sababu moja tu, na sababu hiyo iliitwa Farida.

Farida ni mwanawe wa mwisho. Mama yake alikwishafariki. Ana ualbino, na kijijini kila kazi iko juani: kulima juani, kuokota korosho juani, hata kusengenya watu wanasengenyana juani. Daktari wa kliniki ya ngozi aliwaambia baba na binti mambo matatu: kofia, losheni, kivuli. Kofia alikuwa nayo. Losheni ilikuwa inakuja na kukatika kama umeme. Kivuli wakakifuata Shangani.

Maana barabara yetu ilikuwa na mikungu thelathini na mmoja. Safu mbili, kuanzia kwenye duka la Arsalan mpaka karibu na maji. Mkungu unajua kutandaza matawi, tabaka juu ya tabaka, kama sahani kwenye kabati la mwenye kisirani asiyetaka ziguswe. Juu kabisa matawi ya upande huu yalikuwa yameshikana na ya upande ule. Saa saba mchana, jua la Mtwara linapokuwa limekusudia kabisa kuua mtu, ungetoka dukani ukafika ufukweni bila kuguswa begani. Farida aliweka meza yake chini ya mkungu wa saba. Aliuza ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, na pilipili yake pembeni, kwa madereva wa malori ya bandarini na kwa watu wa matembezi ya jioni. Miaka mitano alikaa hapo, na ngozi yake ilitulia.

Mdomo wake haukutulia.

"We mzungu," dereva mmoja alimwambia, "ming'oko hii imeiva?"

"Imeiva kuliko wewe. Mzungu gani anajua kuchagua ming'oko? Weka pesa mezani upishe wenzako."

Madereva walimpenda. Walikuwa wanapanga foleni kutukanwa.

Mwaka jana, masika yalipokatika, mambo yakaanza. Kwanza ilikuwa kunata. Arsalan, ambaye duka hilo amelirithi kwa baba yake pamoja na tabia ya kulalamika, alitoka nje akashika boneti ya gari lake akapiga kelele: "Jamani, nani anamwaga soda juu ya gari langu kila siku?" Hakuna aliyemwaga. Ilikuwa inadondoka toka juu, matone madogo matamu. Viti vya bodaboda vilinata mpaka abiria akishuka suruali inabaki nyuma kidogo inafikiria. Halafu majani yakaota weusi kama masizi. Halafu, chini ya majani na kwenye vikonyo, ukatokea unga mweupe.

Unga mweupe. Kwenye mti. Mtwara. Unadhani watu walisema nini?

"Ubwiri," akasema wa kwanza. "Ubwiri huo," akasema wa pili. Mwishowe wakanifuata mimi, kwa kuwa mtaani najulikana kama msomi wa kilimo. Nilisoma diploma nikaishia katikati, na nusu niliyoiacha ndiyo iliyokuwa na somo la wadudu. Lakini heshima ni tamu. Nikainua jani moja juu, nikakunja uso kama nilivyoona walimu wangu wakifanya, nikasema, "Dalili zote ni za ubwiri."

Mzee Hemedi alikuwa amesimama pale na kikombe chake cha kahawa. Akatabasamu. Tangu ahamie mjini hakuna aliyewahi kumuuliza kitu anachokijua.

Wiki hiyo hiyo akaja bibi miti, yule wa manispaa anayesimamia miti ya barabarani. Jina lake Raheli, mfupi, mabuti ya mvua kiangazi, anaendesha pikipiki kama anafukuzwa. Alitoa lenzi mfukoni akatazama majani kwa muda mrefu, mti kwa mti, yote thelathini na mmoja. Alipofika wa saba alimwamkia Mzee Hemedi shikamoo, akampa lenzi.

"Tazama, mzee wangu. Si unga huo. Ni wadudu. Kila mmoja amejifunika unga wake. Unaona miguu?"

Mzee Hemedi akatazama. "Miguu hiyo iko kwenye kioo chako."

"Wananyonya maji ya mti. Hiyo inayonata ni choo chao."

Arsalan, aliyekuwa amelamba kidole chake juzi ili ajue ni soda gani, akarudi dukani bila kuaga.

Raheli akaeleza anachotaka. Miti tisa imekwisha, ikatwe na kuchomwa hapo hapo kabla haijaambukiza mingine. Iliyobaki ioshwe kwa maji ya nguvu na sabuni. Na zaidi ya hapo, kisiguswe kitu. Alituonyesha vidudu vyekundu vyenye madoa meusi vikitembea kwenye gome. "Hawa wanawala wale weupe. Ndio wafanyakazi wangu. Hawaombi likizo wala posho. Mkipuliza dawa yoyote, mtawaua hawa kwanza."

"Miti tisa ipi?" Mzee Hemedi aliuliza.

Akaitaja. Wa saba ulikuwamo.

"Wa saba hapana," akasema mzee, taratibu, kama mtu anayekataa sukari.

Raheli alimtazama Farida, akaitazama meza, akaelewa. Hakuwa mtu mbaya. "Tukikata tisa, baba, inabaki ishirini na miwili. Meza inahamia chini ya mwingine."

"Na nikiuponya?"

"Kwa dawa gani?"

"Kwa salfa, mwanangu. Kwa ipi tena?"

Likaitishwa kusanyiko la mtaa. Raheli alizungumza vizuri, lakini alizungumza kama karatasi. Mzee Hemedi alisimama na kukohoa, na kikohozi chake kilikuwa na ushahidi zaidi ya maneno. Alisema, "Nimepuliza mikorosho ambayo nyie mmesomeshwa nayo. Nani hapa baba yake hakuwahi kuniita?" Hakuna aliyeinua mkono. Farida peke yake, toka nyuma, alisema, "Baba, msikilize kwanza dada wa watu."

"Nyamaza. Kivuli ni chako hiki ninachokigombania."

Wakaniuliza na mimi. Nikasema ninaungana na mzee, uzoefu hauna diploma. Watu wakapiga makofi. Ilikuwa sentensi nzuri kweli. Ningeweza kuimeza.

Raheli akasema hawezi kukata miti kwa nguvu mbele ya mtaa mzima. Atarudi baada ya miezi mitatu.

Basi, Juni yote, alfajiri baada ya sala, mashine ilinguruma Shangani. Tuliamka tukakuta barabara ya njano, paa za njano, gari la Arsalan la njano na Arsalan mwenyewe ana nyusi za njano. Tulicheka. Mzee alikuwa amerudi ujana. Alitembea chini ya miti na ile mashine mgongoni, anapiga chafya, anapuliza, anaongea na matawi kwa Kimakonde. Siku ya nne ardhi chini ya mikungu ilikuwa imejaa wadudu wekundu wenye madoa, wamelala chali, mamia kwa mamia.

Tukashangilia. Nasema kweli, kinamama walipiga vigelegele. Dawa imekubali! Wadudu wamekufa! Mimi mwenyewe nilichukua fagio nikawakusanya, nikawatia kwenye karai, nikapiga picha.

Farida aliokota mmoja akamweka kiganjani. "Mbona hawa ndio wale wa Raheli?"

Baba yake akasema, "Mdudu ni mdudu," akawasha mashine.

Julai wale weupe walikuwa kama wameambiwa nyumba ni yao. Walishuka kutoka kwenye majani mpaka kwenye matawi, kutoka kwenye matawi mpaka kwenye shina, tabaka nene unaloweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Mzee akaongeza salfa. Akapuliza hadi saa tatu, jua limeshapanda, na jua na salfa vikikutana juu ya jani vinaliunguza. Majani yakaanza kuanguka. Tukajipa moyo: mkungu ndivyo ulivyo, hupukutika kila mwaka. Lakini mkungu ukipukutika kwa haki yake majani hugeuka mekundu kwanza. Haya yalianguka yakiwa mabichi, yameungua pembeni, na matawi yaliyoyaachia hayakuchipua kitu.

Kivuli kikapata matundu. Farida alianza kuhama na meza. Asubuhi upande huu wa shina, adhuhuri anajibana kwenye shina lenyewe, alasiri upande ule. Mchana mmoja nilimhesabia mara sita. Kofia ile ile, mikono mirefu, kitambaa shingoni. Losheni ilikuwa imekatika tangu Mei. Nyuma ya sikio la kushoto kulikuwa na kidonda kama punje ya mchele.

"Hicho ni nini?" nilimuuliza.

"Hereni ya bei nafuu. Unataka ming'oko au unataka kunioa?"

Nikanunua ming'oko.

Agosti, chini ya mashina kukaonekana unga mwingine, safari hii wa mbao. Mti uliochoka haukosi wageni; bungua walikuwa wameingia ndani na kutoboa. Ukigonga shina linajibu kama mtungi. Siku moja tawi kubwa la mkungu wa kumi na nne lilidondoka barabarani bila upepo wowote, mchana kweupe, likalala pale kama limechoka kusubiri ruhusa.

Raheli alirudi Septemba kama alivyoahidi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nikatamani yaje. Hakutukana. Alitembea na kitabu chake mti kwa mti, akagonga, akaandika. Alipomaliza akafunga kitabu.

"Yote," alisema.

"Yote ngapi?" Arsalan akauliza, kama mtu asiyejua hesabu ghafla.

"Thelathini na mmoja. Kabla ya mvua. Ikianguka yenyewe itaua mtu."

Mzee Hemedi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na meza ya binti yake. Alinyanyuka kwa shida, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akimwomba mtu. "Mwanangu Raheli. Niachie mmoja. Huu."

"Ukibaki mmoja, wadudu wanabaki wote. Miche yangu ikija wataila."

"Nitauosha. Si ulisema sabuni? Nitauosha kwa sabuni."

Raheli alimtazama Farida, aliyekuwa amejibandika kwenye shina kama tangazo la mkutano, kivuli kikimtosha upande mmoja tu wa mwili. Akavuta pumzi. "Wiki tatu. Nikirudi nikikuta mweupe hata mmoja, nautoa. Usinichukie."

Thelathini ikakatwa. Misumeno iliunguruma siku tano, na matawi yakachomwa pale pale kwenye mchanga. Ulipobaki ule mmoja, barabara yetu ilionekana kama mdomo wa kizee wenye jino moja.

Na juu ya jino hilo alikuwa Mzee Hemedi. Ngazi ya kuazima kwa Arsalan, ndoo ya maji ya sabuni, mswaki wa zamani. Aliosha jani kwa jani. Yaliyobaki hayakuwa mengi, lakini kila jani lina pande mbili, na kila kikonyo kina pembe. Alianza asubuhi, akashuka adhuhuri kuswali, akapanda tena. Alikohoa huko juu mpaka ngazi ikatetemeka. Mimi nilishika ngazi.

Siku moja, tukiwa wawili, alisema bila kunitazama, "Wewe ulisema ni ubwiri."

"Nilisema, mzee."

"Ulikuwa na hakika?"

"Sikuwa nayo."

Akasugua kikonyo kwa muda. "Mimi nilikuwa nayo. Wewe una nafuu."

Wiki ya tatu, siku mbili kabla Raheli hajarudi, Farida alisimama chini ya ngazi. Kitambaa alikuwa amekifunga mpaka masikioni. Jua lilimpiga usoni moja kwa moja, maana juu hapakuwa tena na cha kulizuia. Mti ulikuwa na majani ya kuhesabika, na yote masafi.

"Baba, shuka."

"Bado tawi hili."

"Baba."

"Hili tu, mama. Limebaki hili tu."

"Baba, unaosha maiti."

Mswaki ukasimama. Nilitazama chini. Maji ya sabuni yalikuwa yanachuruzika kwenye shina, yanaingia kwenye matundu ya bungua na hayatoki upande mwingine. Mzee Hemedi alikaa kule juu muda ambao mtu angeweza kusoma Yasini. Kisha akashuka, kidato kwa kidato, akanipa ndoo, akaenda mwenyewe kwa wakata miti waliokuwa wanapakia magogo upande wa ufukweni. Nilimsikia. Alisema maneno mawili tu: "Na ule."

Baada ya hapo Farida alijaribu mwavuli. Upepo wa baharini ukaugeuza siku ya kwanza, siku ya pili ukauvunja, siku ya tatu ukauchukua, na dereva mmoja akasema ameuona unaelekea Msumbiji bila pasi. Farida hakucheka. Akarudisha meza nyumbani, akauzia dirishani. Lakini madereva hawapigi kona kwa ajili ya dirisha. Foleni ikaisha.

Novemba alienda kliniki. Kile kilichokuwa punje ya mchele kilikuwa kimefika ukubwa wa kungu, tunda la mkungu, na daktari hakukigusa, akaandika barua ya Dar es Salaam. Aliuliza ni lini kilianza kukua. Farida alijibu, "Kivuli kilipoanza kutoboka." Baba yake alikuwa amekaa kwenye benchi pembeni, anasikia. Januari walimkata sikio lote la kushoto na kipande cha ngozi nyuma yake. Wakasema watamtazama tena baada ya miezi mitatu, kwa sababu kwenye shingo kuna kitu ambacho hawajakipenda.

Raheli alileta miche mvua zilipotulia. Hakuleta mti wa aina moja. Mwarobaini, mzambarau, mkwaju, mwarobaini tena, na mikungu miwili tu, mbalimbali, kila mmoja peke yake. "Mdudu akija," alisema, "asikute mboga moja kwenye sahani zote." Akauliza nani wa mtaani atamwagilia upande wa kushoto. Watu wakatazama simu zao. Mzee Hemedi akainua mkono.

"Ila salfa usitie, mzee!" mtu akapiga kelele toka nyuma, na wengine wakacheka. Mimi sikucheka, na niandike hapa kwamba ilikuwa mara ya kwanza.

Sasa kila alfajiri anatoka na madumu mawili. Hawezi kubeba yote pamoja. Anabeba moja mita ishirini, anatua, anakohoa, anarudi kuchukua la pili. Miche ameizungushia miba ya kuzuia mbuzi. Pale ulipokuwa mkungu wa saba pana mzambarau. Siku moja alimuuliza Raheli mzambarau unachukua muda gani kutoa kivuli cha mtu aliyekaa. Raheli hakumficha: miaka sita, saba, ukitunzwa. Mzee aliitikia kwa kichwa, akahesabu kitu kwenye vidole, akaacha kabla hajamaliza.

Wiki iliyopita nilimsindikiza nyumbani na dumu lake moja. Farida alikuwa amekaa ndani, mbali na mlango, bandeji kuanzia shavuni mpaka shingoni. Wamempa tarehe ya kurudi Dar.

"Umemwagilia?" alimuuliza baba yake.

"Nimemwagilia."

"Umefika wapi ule mzambarau?"

Mzee Hemedi akajionyesha kwa kiganja, chini kidogo ya goti.

"Basi sasa unamkinga kuku," Farida akasema. "Akiwa mfupi."

Nilimtazama mzee kama atacheka, nimfuate. Akaweka dumu chini, akaenda akaurudisha mlango, kwa sababu jua lilikuwa limeshafika kwenye mkeka.